Soli Iliyolika Upande wa Nje

Mwaka ule mvua zilinyesha bila kupumzika, majani yakaota juu ya mapaa, madaftari ya shule yakavimba, na viatu vya mji mzima vikaachana na soli zake. Karakana ya misheni, ambayo siku za kawaida ilikuwa na wanagenzi wanne waliosinzia juu ya vigoda, ikafurika watu kama zahanati wakati wa homa. Walipanga foleni wakiwa peku, viatu mkononi, maji yakiwachuruzika kutoka kwenye mabega. Mvua hiyo ndiyo iliyomfunza kazi kijana mmoja wa miaka kumi na saba, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande kabla ya kujibu neno lolote.

Mwalimu wa karakana aligundua mapema kwamba kijana huyo hatumii rula. Aliinua kiatu usawa wa pua, akafumba jicho moja, akasema taratibu, "Hiki kimekwenda kushoto, mwalimu." Rula ikaletwa, ikakuta kweli kimekwenda kushoto, tena kwa upana wa uzi. Wenzake wakambandika jina la Timazi, ile kamba yenye chuma kizito ambayo waashi huining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Jina likamganda. Hata padri alimwita hivyo siku ya kuwaaga wahitimu, alipomkabidhi nyundo moja na kalibu tatu za mti za kuvipa viatu umbo. Naye mwalimu wake, akimshika mkono, alimwambia, "Mwanangu, kila kiatu kitakachotoka mikononi mwako kitazame mbele."

Aliliweka neno hilo moyoni, na kwa miaka zaidi ya ishirini halikumletea madhara yoyote.

Alioa akiwa na umri ambao watu wamekwisha kuchoka kumuuliza ataoa lini. Mkewe alikuwa dada wa kinyozi aliyepanga naye chumba kimoja cha biashara. Kati ya mafundi hao wawili palikuwa na ubao mwembamba tu, kiasi kwamba nywele za wateja wa upande mmoja zilipeperuka zikaganda kwenye gundi ya upande wa pili, na maneno ya huku yalisikika kule kana kwamba hakuna ubao. Mkewe alikuwa mpishi katika shule ya bweni, kwenye masufuria ambayo mtu mfupi angeweza kuogelea ndani. Alitoka alfajiri na kurudi alasiri, mikono ikinuka moshi. Walikuwa wamekwisha kuzoea nyumba ya watu wawili walipojaliwa mtoto.

"Hongera, baba, umepata binti," mkunga alimwambia mlangoni. "Mzima, ana mapafu kama tarumbeta. Sasa njoo uione miguu yake mwenyewe, kabla hujasimuliwa na majirani."

Akafunua kitambaa. Nyayo za mtoto zilitazamana kama viganja vinavyotaka kupiga makofi. Visigino vilikuwa vimevutwa juu, vidole vimekunjamana kuelekea ndani. Timazi aliinamisha kichwa upande, akatazama.

"Hii inatibika," mkunga alisema. "Lakini inatibika sasa. Mwakani si sasa, baba, unanielewa?"

Alielewa. Jumatano iliyofuata waliketi kwenye benchi la kliniki ya miguu, chumba cha mwisho kabisa cha hospitali, chenye ndoo za maji ya uvuguvugu na harufu ya chokaa mbichi. Mwenye chumba alikuwa muuguzi mmoja wa makamo, mpana wa mikono, kucha zake nyeupe kwa unga uliokataa kutoka. Wote walimwita Sista wa Plasta. Kila wiki aliloweka plasta ya zamani mpaka ikalegea, akaushika mguu wa mtoto kwa kidole gumba na cha shahada, akausukuma nje kidogo, kidogo sana, kisha akaufunga upya mahali ulipofika. Timazi alifunga duka kila Jumatano ili amshike mtoto paja. Alikuwa mwanamume pekee katika benchi lile.

"Sista, mbona hii ni kazi yetu?" alisema wiki ya tatu, macho yakimng'aa. "Unalowesha, unavuta, unafunga kwenye kalibu, unasubiri."

"Kazi yenu? Basi shika hapa, fundi, tuone." Akamwekea kidole chake mahali panapostahili. "Umesikia unavyokusukuma? Ngozi yako imekufa, haikumbuki kitu. Mguu huu unakumbuka ulikotoka. Ukiuachia nafasi ya kidole, unarudi kwao."

"Sista kapata mwanagenzi!" mama mmoja alipaza sauti, na benchi zima likacheka.

Mtoto aliporusha miguu kitandani, plasta zake ziligonga ubao, ko, ko, ko, bila kuchoka. Mjomba wake kinyozi akamwita Nyenje, kama yule mdudu wa kelele za usiku, na kuanzia hapo wazazi wake wakawa Baba Nyenje na Mama Nyenje mtaa mzima. Plasta tano zilipita. Kano ya kisigino ikakatwa kidogo kwa kisu chembamba, ikafungwa wiki tatu, na siku plasta ya mwisho ilipotoka, zilionekana nyayo mbili bapa, laini, zilizogeuka kuelekea nje. Mama alilia. Timazi alifumba jicho moja, akaona kwamba zimepitiliza kidogo mbele ya unyoofu, lakini hakutaka kuharibu furaha ya watu.

Ndipo Sista alipotoa viatu vya upau. Vilikuwa viatu viwili vidogo vya ngozi nyeupe, vilivyokazwa kwa skrubu kwenye ncha mbili za upau wa chuma wenye urefu wa mabega ya mtoto.

"Miezi mitatu ya kwanza, usiku na mchana, mnavua saa moja tu ya kuoga," alieleza. "Baada ya hapo, kila anapolala, iwe usiku au mchana, mpaka atimize miaka minne. Viatu hivi ndivyo tiba. Plasta ilikuwa utangulizi tu. Na hizi skrubu nimezitia alama ya rangi ya bluu, hapa na hapa. Mzazi hagusi skrubu. Nikikuta zimeguswa nitalia mbele yenu, na mimi nikilia sinyamazi."

Timazi aliinua kifaa kile usawa wa pua. Kiatu cha kulia kilitazama kulia kabisa, cha kushoto kikatazama kushoto.

"Samahani, Sista. Hivi vimekaa kama watu waliogombana."

"Ndivyo vinavyotakiwa kukaa, baba. Na wasipatane mpaka hiyo miaka minne."

Benchi likacheka tena. Timazi naye alicheka, lakini kwa mdomo tu.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri kiasi cha kuwasahaulisha. Mama ndiye aliyefunga mikanda na kuimba mtoto anapolia, naye hakukosa hata siku moja. Nyenje alipofikisha miezi kumi na minne alisimama kwa kushika ukingo wa meza ya baba yake, akaachia, akapiga hatua nne kuelekea kwa mjomba, unyayo wote ukikanyaga chini. Kinyozi aliacha mteja amenyolewa nusu kichwa, akampokea. Wiki hiyo baba alimshonea viatu vya kutembelea mchana, vya ngozi nyekundu, soli ya raba laini, na mtaa ukaja kuvitazama.

Kwa kuwa mama alikuwa jikoni tangu alfajiri, mtoto alishinda karakanani. Baada ya chakula cha mchana alilala juu ya rundo la ngozi chini ya meza ya kazi, amevalishwa viatu vya upau. Saa hiyo ndiyo iliyokuwa na shida. Kila mchana, kwa nusu saa au zaidi, alilia na kuvuta miguu, chuma kikigonga mguu wa meza, na kila mteja aliyeingia alitoa neno lake.

"Fundi, umemtia mtoto pingu? Kaiba nini?"

"Hajaiba, ni matibabu."

Mwingine, mlinzi wa ghala aliyeleta buti zake kutiwa visigino, aliinama chini ya meza, akatazama kwa makini, akainuka akicheka. "Hebu nione vizuri. Timazi mzima, anayetukataza sisi kuvaa kiatu kilichopinda nywele moja, mwanawe kamvalisha viatu vinavyokwenda huku na huku! Ama kweli umezeeka, bwana."

Kilikuwa kicheko cha kawaida, cha mtu asiye na nia mbaya. Timazi alimaliza visigino, akamrudishia buti, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi, mtoto alikuwa angali analia. Akapiga magoti, akautazama ule upau, na jicho lake, lililokuwa halijamdanganya tangu ujana, likamwambia kwamba kitu kile kimepinda. Akachukua bisibisi. Akalegeza skrubu mbili, akavigeuza viatu polepole mpaka vikatazama mbele vyote viwili, sambamba, akakaza.

Nyenje alinyamaza. Alivuta pumzi mbili za kwikwi, akaweka kidole mdomoni, akalala.

Ng'ambo ya ubao, mashine ya kinyozi ilizimwa. "Shemeji! Kimya gani hiki? Umempa nini mtoto?"

"Kazoea," Timazi alijibu.

Hakukusudia kumficha mtu. Aliwaza kwamba atamweleza mkewe jioni, kama habari njema. Lakini jioni mama alimkuta mtoto amechangamka, na alipomvalisha viatu kwa usingizi, mtoto hakulia. Mama alikaa kitandani akatokwa na machozi ya shukrani. "Kazoea jamani, Baba Nyenje. Kumbe ilikuwa subira tu." Alama za bluu hakuzitazama, kwa sababu aliambiwa skrubu si kazi ya mzazi. Timazi aliinamisha kichwa upande, akaenda kuzima taa. Siku mbili zikapita, na wiki, na jambo dogo ambalo lingesemwa kwa sentensi moja likawa halisemeki.

Siku ya kliniki ilipokaribia, alivirudisha viatu kwenye alama za bluu. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya heshima ya Sista, asije akaona kazi yake imekosolewa. Sista alimpima mtoto haraka, maana benchi lilikuwa limejaa, akasema, "Safi, mama, endelea hivyo hivyo." Mchana wa siku ya pili, Timazi alivigeuza tena.

Tangu siku ile alianza kutazama soli.

Fundi wa viatu husoma soli. Timazi aliweza kumwambia mteja anabeba mzigo bega lipi, na kama goti lake la kulia limeanza kuuma, kabla mteja mwenyewe hajafungua kinywa. Kwa hiyo alipokigeuza kile kiatu chekundu cha kushoto, mwezi mmoja baada ya kliniki, aliona alichokiona. Ukingo wa nje, chini ya kidole kidogo, raba ilikuwa imelika. Ilikuwa imelika kwa upana wa uzi tu, na mtu mwingine yeyote angesema ni kiatu kizima. Kisigino kilikuwa kipya kabisa, kana kwamba hakijakanyaga.

Alikiweka chini. Akakichukua tena, akakipeleka mlangoni penye mwanga. Jibu lilikuwa lile lile.

Alikata kipande chembamba cha raba, akakibandika kwenye ukingo ule, akasawazisha kwa tupa mpaka mshono usionekane. Kazi nzuri, safi. Wiki mbili baadaye kiraka kilikuwa kimekwisha. Alibandika kingine, kigumu zaidi, cha raba ya gurudumu, na hicho kilikwisha kwa siku tisa. Nyenje alikuwa akikimbia sasa, anacheka, anaanguka, anainuka, na kila alipopita mbele ya meza, baba yake aliacha kupiga nyundo. Aliyasikia yale makanyagio. La kulia lilikuwa zito, la kushoto lilikwaruza.

Basi akavirudisha viatu vya upau kwenye alama za bluu, safari hii kwa nia ya kuviacha hapo. Lakini mguu wa kushoto haukukubali tena. Mtoto alipiga ukelele ambao wateja wa kinyozi waliusikia barabarani, kisigino kikachomoka ndani ya kiatu, na kila mkanda ulipokazwa, kilichomoka tena. Siku ya tatu palitokea malengelenge. Siku ya nne Timazi alitoa bisibisi mfukoni, akavigeuza vikatazama mbele.

Kliniki iliyofuata ilikuwa asubuhi ya jua kali. Kabla ya kutoka nyumbani, mama akiwa anaoga, alivirudisha kwenye alama kama kawaida. Sista aliupokea mguu wa kulia, akaupinda, akaridhika nusu. Alipoupokea wa kushoto, mkono wake ulisimama. Aliusukuma nje, mguu ukakataa. Alijaribu kukishusha kisigino, kikakataa.

"Mama, viatu anavaa?"

"Anavaa, Sista."

"Kila siku?"

"Kila anapolala. Hata mchana, kwa baba yake."

Sista alichukua viatu vya upau, akavigeuza chini juu, akakagua skrubu moja baada ya nyingine. Bluu juu ya bluu. "Viatu viko sawasawa," alisema. "Basi havivaliwi. Mama, nina miaka kumi na tisa katika chumba hiki. Kila anayekaa hapo ulipokaa huniambia kila siku, kila siku. Mtoto analia, unamhurumia, unamvua. Nakuelewa, mimi pia ni mzazi. Lakini mguu huu hauna huruma na wewe."

"Haki ya Mungu, Sista—"

"Usiape, mama. Nisikilize. Akija tena hivi, tunaanza plasta upya. Plasta zikishindwa, ni kisu, na si kile cha kwanza. Watakata kano na kuihamishia upande wa pili wa mguu. Na mfupa ukishakomaa umepinda, hata kisu kinabahatisha."

Akaandika kwenye kadi. Mama, aliyesoma mpaka darasa la saba, aliyasoma maandishi yale yakiwa yamepinduka kichwa chini: Mama havalishi viatu kama alivyoelekezwa. Kina mama wa benchi walitazama pembeni, kila mmoja akimshughulikia mtoto wake. Timazi alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Alifungua kinywa. Sista akaita, "Anayefuata!"

Jioni yake kinyozi alivuka ubao, akajifuta mikono, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Shemeji, dada yangu ni mbishi, nakubali. Alinipiga na mwiko nikiwa na miaka sita, kovu hili hapa. Lakini si mwongo. Sasa wewe ndiye unayeshinda na mtoto. Unaona nini?"

"Naona anavaa."

"Kwa hiyo Sista kakosea?"

Timazi aliinamisha kichwa upande. "Watu hukosea," alisema.

Kinyozi akainuka, akarudi kwake. Tangu siku hiyo mzaha ulipungua pande zote mbili za ubao.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko lawama. Mama aliamini kuwa ana kosa, hata kama halijui. Alianza kuifunga mikanda kwa nguvu, akiikazia tundu la mwisho. Aliamka mara nne, mara tano, kugusa miguu ya mtoto. Kisigino cha kushoto kilitoka kidonda, akakipaka dawa, akafunga tena. Alikonda. Ijumaa moja alirudi mapema, akaingia karakanani akiwa amekunja aproni yake ya kazi kwapani.

"Nimeacha," alisema. "Nimemwambia matroni kuanzia Jumatatu sirudi. Nitakaa na mtoto mwenyewe, nimtazame mpaka nijue ninakosea wapi."

Nyenje alikuwa chini ya meza, amelala, upau umetokeza nje kidogo. Timazi aliitazama ile aproni. Miaka kumi na mmoja mkewe alikuwa ameifua kila Jumamosi na kuianika mbele ya nyumba. Akaweka nyundo chini.

"Mama Nyenje, hukosei. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Viatu. Nimevigeuza. Nilivigeuza vitazame mbele, kwa sababu alikuwa analia, na kwa sababu... niliona vimepinda. Siku za kliniki navirudisha."

Ng'ambo ya ubao, mkasi wa kinyozi ulikoma.

Mama alipiga magoti, akauvuta upau taratibu asimwamshe mtoto, akatazama alama za bluu. Zilikuwa mbali na mahali pake, upana wa vidole viwili.

"Tangu lini?"

"Miezi saba."

"Miezi saba." Alilirudia kama anayejifunza neno geni. "Na siku ile, Sista alipokuwa ananisema mbele za watu, mimi naapa, wewe mkononi ulikuwa umeshika nini?"

"Kofia."

"Kofia," alisema mama. Alifunua aproni, akaikunja upya, vizuri zaidi. "Jumatano utamwambia mwenyewe. Kwa mdomo wako, benchi likiwa limejaa. Ukisubiri watu wapungue, nitakuacha hapo hapo na mtoto nitambeba."

Alimwambia. Alisimama katikati ya chumba, kati ya ndoo mbili, akasema kila kitu kuanzia buti za mlinzi hadi viraka vya raba. Vile viraka ndivyo vilivyomfanya Sista ainue macho.

"Uliona soli?"

"Niliona."

"Mwezi gani?"

Akataja mwezi. Sista alihesabu kwa vidole vyeupe, midomo ikicheza. "Wakati ule plasta tatu zingetosha," alisema. "Nimepima miguu elfu na kitu hapa, baba, na sijapata mtu anayeweza kuona mguu unarudi mapema kiasi hicho. Mimi mwenyewe siwezi. Wewe uliona, ukaweka kiraka." Hakulia kama alivyoahidi. Alimgeukia mama, akamshika bega, akamwomba radhi mbele ya benchi zima, akakata kwa kalamu mstari ule kwenye kadi. Kisha akasogeza ndoo. "Mlete mtoto."

Matroni alimrudisha mama kazini bila maswali. Kinyozi aliendelea kumsalimia shemeji yake asubuhi na jioni, basi. Plasta zilifungwa sita. Mguu wa kulia ulirudi mahali pake, ukabaki. Wa kushoto ulikuja nusu ya njia, ukasimama. Walisubiri miezi, viatu vya upau vikiwa kwenye alama za bluu, skrubu zimemiminiwa gundi ngumu ambayo Timazi mwenyewe aliichemsha huku mkewe amesimama nyuma yake akiangalia. Kila Jumapili alikigeuza kiatu cha kushoto. Kila Jumapili ukingo wa nje ulikuwa umelika. Hakubandika tena kitu. Alikipeleka kwa mkewe, akamwonyesha kwa kidole, naye akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameona.

Nyenje alipotimiza miaka mitatu na miezi minne, Sista alisema amefika mwisho wa mikono yake. Aliwaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, safari ya siku nzima. Timazi alimuuliza kama mguu utanyooka. "Watajaribu," alijibu Sista, naye hakuwa mtu wa kupunguza maneno. Mama alipouliza tena, alisema, "Nimekwisha jibu, mwanangu."

Walilazwa Jumapili. Jumatatu asubuhi, kwenye ukumbi mrefu wenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, muuguzi kijana aliwaletea fomu ya idhini pamoja na nakala ya barua yao, iliyopigwa chapa na karani wa kule walikotoka. Karani alikuwa amenakili kila kilichokuwamo kwenye kadi, pamoja na mstari uliokatwa. Mama aliusoma, akaisukuma karatasi kwa mumewe, akaendelea kumsuka mtoto nywele.

Timazi aliomba kalamu.

"Sahihi ni huku chini, baba," muuguzi alisema. "Hapo hairuhusiwi kuandika."

Kwenye ile nakala, akapiga mstari juu ya neno "Mama", na juu yake akaandika "Baba", kwa herufi kubwa zilizonyooka. Kisha akatia sahihi chini ya fomu, mahali alipoelekezwa. Akapiga magoti, akamvua Nyenje viatu vyekundu, kwanza cha kulia, halafu cha kushoto, akambeba hadi kwenye mlango wenye mapazia ya plastiki, akamkabidhi kwa muuguzi. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi.